Jeshi Lisilobeba Hata Fimbo

Paukwa!

Nimesikia "pakawa" za watu watatu tu. Haya, sogeeni karibu. Leo sina Sungura wala Fisi, na humu hamna jini wala mfalme mwenye mabinti saba. Nina kisa cha kweli, na walioyaona mambo haya kwa macho yao waliyaandika.

Kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo tunaiita Pakistani kuna mji wa kale, Peshawar. Ndani ya mji huo upo mtaa wa maduka uitwao Qissa Khwani. Litamkeni polepole neno la kwanza. Qissa. Ni kisa, kisa hikihiki tunachokitaja tukisema "hebu nipe kisa kizima". Neno lilitoka Uarabuni. Tawi moja likapanda milimani kule, jingine likavuka bahari likaja pwani yetu. Qissa Khwani ni Soko la Wasimulizi wa Visa. Zamani misafara ya ngamia iliyoshuka kutoka Kabul kupitia Pito la Khyber ilitua hapo, wafanyabiashara wakaketi kunywa chai, na wasimulizi, watu wa kazi yangu hii, wakawapa habari za vita na mapenzi mpaka usiku wa manane.

Katika soko hilohilo, tarehe 23 Aprili 1930, watu wasio na silaha walisimama mbele ya bunduki na hawakukimbia. Nataka niwafikishe pale. Lakini ukimpeleka mtu moja kwa moja penye damu, ataona damu tu. Tuanzie mbali, kijijini.

Kijiji ni Utmanzai, karibu na Charsadda, kwenye bonde lenye maji na mashamba ya miwa na ngano. Huko, mwaka 1890, mzee mmoja mwenye ardhi na heshima, Behram Khan, alipata mtoto wa kiume akamwita Abdul Ghaffar. Jina hili nalo si geni kwenu. Sisi husema Abdulghafari, na pengine yumo mmoja darasani kwenu. Maana yake ni mja wa Mwingi wa Kusamehe. Liwekeni akilini, kwa sababu mtoto huyu alizaliwa kati ya watu ambao kwao kusamehe kulikuwa fedheha.

Watu hao ni Wapashtun. Wana sheria ya mababu ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Baadhi ya mambo yake yanapendeza mno. Mgeni akibisha hodi, alishwe na alindwe, hata kama ni adui. Aliyekukosea akija mlangoni pako kuomba hifadhi, humfukuzi. Lakini nguzo nyingine ya sheria hiyo inaitwa badal. Mnalisikia? Badala, badili, mbadala. Kwao badal ni kisasi: roho badala ya roho. Ukimwua ndugu yangu, nitamwua ndugu yako, na mwanao akikua atamtafuta mwanangu. Ugomvi ulioanzia kwenye mtaro wa maji shambani uliweza kurithiwa na wajukuu wasiojua hata ulianzaje. Kila mwanamume alikuwa na bunduki, na asiyelipiza hakutazamwa usoni.

Behram Khan alikuwa tofauti. Mzee yule alikuwa amewasamehe waliomkosea, akakaa kijijini bila uadui na mtu. Fikirini mtoto anayelelewa katika nyumba ya namna hiyo, nje wenzake wakihesabu maiti za koo zao.

Juu ya yote hayo kulikuwa na Waingereza. Wao ndio waliotawala India, na nchi ya Wapashtun ilikuwa ukingo wake. Mwaka 1893, Abdul Ghaffar akiwa na miaka mitatu, Mwingereza mmoja, Mortimer Durand, alipatana na Amiri wa Kabul, ukachorwa mstari wa mpaka uliowapasua Wapashtun katikati. Wengine wakabaki Afghanistan, wengine wakawa raia wa dola ya Uingereza. Mdigo wa Kwale mwenye shangazi Tanga hahitaji kuelezwa mstari wa aina hiyo ni kitu gani. Naomba mstari huu nao muuweke akilini. Tutaurudia mwishoni.

Mtoto akakua, akawa mrefu kupita wenzake wote. Alipelekwa shule ya wamisionari Peshawar, ingawa masheikh wengi wa vijijini walizipinga shule za wageni. Kakaye alikwenda Uingereza kusomea udaktari. Abdul Ghaffar alipewa heshima ambayo vijana wa Kipashtun waliiota usiku na mchana, kuingia kikosi cha Guides, jeshi la sifa kubwa, awe afisa. Basi siku moja akawa na rafiki yake aliyekwisha kuwa afisa humo. Rafiki alikuwa kichwa wazi, nywele amezichana kwa mtindo wa Kizungu. Akapita luteni wa Kiingereza, kijana tu, akamtukana mbele ya watu: anajifanya Mwingereza! Na yule rafiki, afisa mwenye sare na cheo, alimeza tusi akanyamaza.

Abdul Ghaffar akaangalia uso wa rafiki yake, akaiacha ile nafasi. Baba alikasirika sana. Baadaye ikapatikana njia ya kumfuata kaka Uingereza. Mama akalia. Alikuwa na mwana mmoja ng'ambo tayari, na hakuwa tayari kumtoa na huyu. Kijana akabaki.

Alibaki, lakini hakukaa. Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alifungua shule kijijini kwao, akisaidiana na mwanachuoni mmoja maarufu, Haji wa Turangzai. Aliona kwamba watu wake walikuwa na ujasiri wa simba na hawakujua kusoma barua zao wenyewe. Serikali haikupenda, na shule ile ikafungwa. Basi akaanza kutembea. Kati ya mwaka 1915 na 1918 alipita katika vijiji 500 hivi, akiketi kwenye baraza za wageni, akizungumza na wakulima juu ya usafi, juu ya kusoma, juu ya kuacha kuuana. Ndipo watu wakaanza kumwita Badshah Khan, yaani Khan mfalme. Hakuwa na taji wala askari, na ukimtazama kwa mbali hungemtofautisha na mkulima.

Gereza lilimjua mapema. Mwaka 1919 aliongoza mkutano mkubwa Utmanzai kupinga sheria iliyoiruhusu serikali kumfunga mtu bila kesi, akakamatwa. Hapa pana jambo dogo ambalo haliniondoki. Askari walitafuta minyororo ya miguuni ya kumtosha wakaikosa, kwa jinsi alivyokuwa na mwili mkubwa. Wakamfunga kwa nguvu ile waliyokuwa nayo, chuma kikamkata ngozi ya kifundo cha mguu, damu ikachuruzika njia nzima. Mwaka 1921 alifungwa tena, safari hii miaka mitatu ya kazi ngumu. Asubuhi alipewa nafaka na jiwe la kusagia, azungushe kwa mkono mpaka kiishe kipimo chake. Bibi zenu waliotwanga na kusaga wanajua kazi hiyo inavyofanya mabega. Alipotoka alikuwa amekonda, meno yakimsumbua, na watu wakampa jina jingine: Fakhr-e-Afghan. Fakhr, fahari. Fahari ya Waafghani.

Na sasa lile jeshi.

Mwaka 1929 Badshah Khan aliunda kundi akaliita Khudai Khidmatgar. Khuda ni Mungu. Khidmat ni ile hidima waliyoisema wazee wetu, huduma. Watumishi wa Mungu. Kwa kuwa Mungu hahitaji kutumikiwa, aliwaeleza, mtamtumikia kwa kuwatumikia viumbe wake, na asiulizwe mtu dini yake. Kijana aliyetaka kujiunga alikula kiapo, na kwa Mpashtun kiapo hakivunjwi hata kwa kufa. Aliapa kutotumia nguvu na kutolipiza kisasi. Aliapa kumsamehe anayemdhulumu. Aliapa kujiepusha na ugomvi na uhasama wa koo, kuishi maisha ya kawaida, kutodai malipo kwa kazi yake, na kutoa angalau saa mbili kila siku kwa ajili ya wengine.

Saa mbili hizo zilikuwa za kufagia. Nasema kweli. Watoto wa makhan, ambao hawakuwahi kushika ufagio, walisafisha vichochoro vya kijiji. Wengine walifundisha kusoma, wengine walipatanisha familia zilizokuwa zikiwindana. Badshah Khan mwenyewe alishika ufagio.

Mwanzoni walivaa mashati meupe, yakawa yanachafuka upesi kwa kazi hizo. Wachache wakapeleka yao kwa watengeneza ngozi wa pale kijijini, wakayachovya katika rangi yao, yakatoka mekundu kama tofali. Wenzao wakayapenda. Basi rangi ya kuficha vumbi ikawa sare ya jeshi zima, na Waingereza wakawaita Mashati Mekundu, wakijaribu kuwasingizia kwamba ni wakomunisti.

Nikisema jeshi, nina maana jeshi hasa. Walikuwa na makamanda na vyeo, bendera na ngoma, na walipiga gwaride asubuhi. Kilichokosekana ni silaha. Hata fimbo haikuruhusiwa, na mnajua katika nchi ile mzee hutembea na fimbo kama sehemu ya mkono wake.

Mtaniuliza, kwa nini gwaride, kama hawapigani? Nimelifikiria sana swali hili. Naona Badshah Khan alijua kwamba kutorudisha kofi ni kitu cha kujifunza, kama kuogelea. Mtu asiyefundishwa, akipigwa, mkono wake huruka wenyewe kabla hajafikiri. Miguu yake nayo hukimbia yenyewe. Ili mikono itulie na miguu isikimbie, mwili wote unahitaji kuzoezwa, tena pamoja na wenzako, ili siku ya siku umwone wa kushoto kasimama nawe usimame.

Nimefika kwenye neno lililonifanya nikichague kisa hiki. Ni sabr. Subira.

Sisi tumeifanya subira kuwa kiti. Mtoto analia njaa, anaambiwa subiri. Foleni zahanatini haisogei, subirini. Mtu amedhulumiwa shamba lake, jirani anamfariji: subira yavuta heri, mwenzangu. Neno limekaa chini, limekunja mikono. Badshah Khan alisoma Qur'ani ileile, akaikuta sabr imesimama. Aliwakumbusha Wapashtun miaka ya Makka, Mtume na wafuasi wake walipoteswa na kususiwa, watu wakikatazwa hata kufanya nao biashara. Hawakunyanyua silaha, na hawakuacha kulisema walilolisema. Hiyo, aliwaambia, ndiyo silaha ya Mtume, na hakuna polisi wala jeshi litakaloiweza. Watu walipodhani fikra hizi amezipata kwa Mahatma Gandhi, ambaye kweli alikuwa rafiki yake mkubwa, alijibu kwamba Waislamu walikuwa nazo karne nyingi kabla ya Gandhi, walizisahau tu.

Kwa hiyo subira yake ilikuwa na sehemu mbili, na ukiitoa moja nyingine inaharibika. Usimguse mtu. Usirudi nyuma. Anayeshika ya pili peke yake ni mpiganaji wa kawaida. Anayeshika ya kwanza peke yake amekaa kwenye kile kiti chetu.

Haya, twendeni sokoni.

Aprili 1930 Gandhi alikuwa amekwisha kutembea hadi baharini kule Dandi na kuokota chumvi, kupinga sheria iliyowakataza watu kujitengenezea chumvi yao, na India yote ilikuwa imewaka kwa migomo. Tarehe 23 Badshah Khan alihutubia kwao Utmanzai, akashika njia ya Peshawar, akakamatwa kabla hajafika. Mjini nako viongozi kadhaa walikamatwa siku hiyo. Habari zikaenea, maduka yakafungwa, umati ukajaa Qissa Khwani.

Magari ya deraya yakaletwa. Yakaingia kwa kasi katikati ya watu, yakawaponda waliokuwa mbele. Katika vurugu hiyo mwanajeshi mmoja wa pikipiki aliuawa, na gari moja likawaka moto. Siwafichi hayo, maana umati ule haukuwa wote watu wa kiapo. Kisha ikatolewa amri ya watu kutawanyika. Wakajibu kwamba watatawanyika wakiruhusiwa kuchukua maiti na majeruhi wao, na askari nao waondoke. Askari hawakuondoka. Wakafyatua risasi.

Sasa nyamazeni kidogo.

Waliokuwa mbele walianguka. Waliokuwa nyuma yao wakasogea mbele, wakashika nafasi zao, wengine wamefungua vifua. Nao wakaanguka. Wakasogea wengine. Ilikwenda hivyo kwa saa kadhaa, katika mtaa ule ule ambao babu zao walikaa kunywa chai na kusikiliza hadithi za mashujaa. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa tangu siku ile: serikali ilitaja makumi, wenyeji wakahesabu mamia.

Hawa walikuwa Wapashtun. Nyumbani mwao zilining'inia bunduki ukutani, na walijua kulenga tangu utotoni. Wangetaka, wangekwenda kuzichukua. Mtu mwoga hana hiari, anakimbia tu. Hawa walikuwa na hiari, wakaacha badal ukutani pamoja na bunduki.

Na kuna wengine wa kukumbukwa hapo. Katika siku hizohizo askari wa kikosi cha Royal Garhwal Rifles walipewa amri dhidi ya watu wale wa Peshawar. Walikuwa Wahindu kutoka milima ya mbali; umati mbele yao ulikuwa wa Waislamu. Dini si moja, lugha si moja. Wakaziteremsha bunduki wakakataa kuwapiga watu wasio na silaha. Kiongozi wao, Chandra Singh, alihukumiwa kifungo cha maisha, na wenzake wakapewa miaka mingi. Walijua hukumu hiyo wakati wanakataa. Nadhani ndio watu wanaonigusa kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu hakuna aliyewalisha kiapo cha amani. Kiapo chao kilikuwa cha kutii.

Baada ya siku ile vijiji vilizingirwa. Ofisi ya Khudai Khidmatgar kule Utmanzai ilichomwa moto. Wanaume walivuliwa nguo hadharani, na kwa Mpashtun hiyo ni mauti kabla ya mauti, wakapigwa ili waseme wameacha. Na nini kilitokea? Kundi lililokuwa dogo likafurika. Maelfu kwa maelfu walichovya mashati yao katika ile rangi ya tofali. Katika kilele chake jeshi hilo linatajwa kufikia watu 100,000.

Serikali ilijua la kufanya na Mpashtun mwenye bunduki. Unamtumia askari wengi zaidi, unabomoa nyumba yake, magazeti ya London yanaandika kwamba mpakani kumetulia. Lakini huyu anayesimama kifua wazi, unamfanyaje? Ukimpiga unaonekana wewe ulivyo. Ukimwacha, ameshinda.

Badshah Khan aliendelea kuingia na kutoka gerezani. Kati ya vifungo alikaa na Gandhi huko Wardha, na mwaka 1938 Gandhi alikuja kuzunguka vijiji vya Wapashtun naye. Fikirini wawili hao barabarani, mmoja mdogo mwembamba na shuka lake, mwingine akimpita kwa kimo kama mnazi unavyompita mtu. Kakaye yule daktari, aliyejulikana kama Dk. Khan Sahib, akawa waziri mkuu wa jimbo lao mwaka 1937. Mwaka 1942, katika vuguvugu la kuwataka Waingereza waondoke, Badshah Khan alipigwa wakati wa kukamatwa akavunjwa mbavu.

Uhuru ulipofika, Agosti 1947, ulifika umepasuka vipande viwili: India na Pakistani. Yeye alikuwa ameupinga mgawanyo huo kwa nguvu zake zote. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa Bihar na Gandhi, Mwislamu na Mhindu, wakipita katika vijiji ambamo majirani walikuwa wamechinjana kwa ajili ya dini. Jimboni kwake ikaitishwa kura ya maoni ya kuchagua India au Pakistani. Yeye na watu wake wakaisusia, wakitaka Wapashtun wapewe pia njia yao. Hawakupewa. Alihisi kwamba chama cha Congress, wenzake wa miaka yote ile katika kudai uhuru, kimewaacha jangwani peke yao. Na katika machafuko ya mwaka huo mashati mekundu yalionekana tena Peshawar, yakiwalinda Wahindu na Makalasinga.

Alikula kiapo cha utii kwa Pakistani, nchi mpya. Haukupita mwaka, wakamfunga. Tarehe 12 Agosti 1948 watu wake waliandamana Babrra, jirani na Charsadda, kilomita chache tu kutoka alikozaliwa, na polisi wakawapiga risasi. Safari hii waliofyatua hawakuwa Waingereza. Khudai Khidmatgar likapigwa marufuku. Kwa miaka mingi wenye mamlaka walimwona msaliti, mtu wa kumfungia, na ukijumlisha vifungo vyake vya zama zote mbili vinapita miaka 25. Mwaka 1962 shirika la Amnesty International lilimtangaza kuwa mfungwa wa mwaka. Kakaye, Dk. Khan Sahib, alikuwa ameuawa Lahore mwaka 1958.

Najua mmoja wenu ananyanyua mkono. Anataka kuuliza: sasa mzee huyu alishinda au alishindwa?

Swali zuri, mwanangu, na sitakudanganya. Nchi aliyoitaka hakuipata. Jeshi lake lilivunjwa. Milima ile imejaa bunduki nyingi kuliko zamani. Kama kushinda ni kupata ulichokidai, andika kwamba alishindwa. Ila mimi huwaza jambo moja. Kabla yake, kila mtu, Mwingereza na Mhindi na hata Mpashtun mwenyewe, aliamini kwamba amani ni ya watu wapole waliozaliwa wapole, na kwamba watu wa badal hawaiwezi. Tangu siku ile ya Qissa Khwani hakuna tena anayeweza kulisema hilo bila kusahau watu waliokufa wamesimama.

Mwaka 1969, akiwa mzee wa miaka 79, alialikwa India kwa sherehe za miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Gandhi. Viongozi walikwenda kumpokea Delhi. Akashuka na kifurushi cha nguo mkononi, ndio mzigo wake wote. Wakati huohuo kule Gujarat, jimbo alikozaliwa Gandhi, kulikuwa kumezuka mauaji kati ya Wahindu na Waislamu. Wenyeji wake walimtarajia kwenye sherehe. Mzee akafunga, siku tatu bila kula.

Alifariki Peshawar tarehe 20 Januari 1988, akikaribia miaka 98, baada ya kuwekwa kizuizini kwa mara nyingine. Alikuwa ameusia azikwe Jalalabad, ng'ambo ya pili, Afghanistan. Wakati huo Afghanistan ilikuwa katikati ya vita vikali, jeshi la Kisovieti na serikali ya Kabul upande mmoja, mujahidina upande mwingine. Pande zote zikakubaliana kusitisha mapigano ili mzee apite.

Watu wakaondoka Peshawar kwa makumi ya maelfu, kwa mabasi na malori na kwa miguu, wakapanda Pito la Khyber nyuma ya jeneza. Njia ni ileile ya misafara ya ngamia. Mabomu mawili yalilipuka kwenye maziko yale, watu 15 wakafa; vita havikuweza kunyamaza hata siku moja kamili. Lakini mpakani, pale kwenye mstari wa Durand, uliochorwa alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeulizwa pasi. Wapashtun wa upande huu na wa upande ule walipita pamoja, na jeneza likapita mbele yao.